Kielelezo cha ngozi ya ngisi wa kilindini: nimefika tabaka la magamba

Tabaka la chini la kielelezo changu limekamilika hapa Wete. Chini ya ngozi ya ngisi, juu ya nyama ya kiwiliwili, hukaa utando mgumu wa nyuzi za kolajeni, protini ngumu ya mwili, zinazopishana mshazari, ambao huuzuia mwili usirefuke pale ngisi anapojibana kusukuma maji nje. Utando huo nimeusuka kwa chane za ukindu, kwa kuwa zinakunjika bila ya kunyumbuka.

Juu yake nimepanga vibamba vya reflektini, protini inayorudisha mwanga, kisha vifuko vya rangi. Vifuko hivi nilijifunza kwa ngisi wetu wa kawaida, niliyemnunua dikoni alfajiri akiwa bado anabadilika rangi. Kwenye hadubini, kila kifuko kimezungukwa na misuli myembamba pande zote: misuli ikivuta kwa amri ya neva, kifuko hutanuka kikawa doa pana, ikilegea, hunywea kikabaki nukta. Kwa wepesi, sijaona rangi ya mnyama mwingine wa bahari inayoushinda utaratibu huu.

Kazi kubwa iko tabaka la nje, kwani niliyemchagua ni Lepidoteuthis grimaldii, ngisi mwenye magamba. Alijulikana mwaka 1895, pale nyangumi mwenye meno aliyewindwa kwenye visiwa vya Azores, mbele ya msafara wa Albert I, mtawala wa Monaco, alipotapika mabaki ya ngisi, kikiwemo kiwiliwili kisicho na kichwa; Louis Joubin ndiye aliyempa jina. Magamba yake yamelaliana kama vigae, lakini si makavu kama ya samaki changu: ni mito laini ya ngozi yenyewe, yenye vishimo vingi ndani, na wachunguzi wameihusisha na kuelea kwake. Gamba la udongo lingempotosha mtazamaji. Kwa hiyo ninakata sponji ya godoro, ninaifunika kwa mpira mwembamba, na ninaibandika kuanzia mkiani, kila safu ikiilalia iliyotangulia.

Kipande cha pili kitamhusu Histioteuthis, ngisi mwingine wa kilindini, ambaye ngozi yake ya tumboni imejaa viungo vya mwanga, kila kimoja na kikombe cheusi, tabaka la kurudisha mwanga, chembe zinazowaka na lenzi mbele. Mwanga huo humfichia kivuli asionekane na adui aliye chini yake. Hivyo gololi nitakazozifanya lenzi zitaelekea chini, na kielelezo kitatundikwa darini badala ya kulazwa mezani.