Siku moja na tumbusi wa mgunga mkavu, Seronera

Saa 11:00 alfajiri. Kabla ya kamera natengeneza mfuko wa mchele: mfuko wa turubai, mchele kilo 3, umeshonwa mdomo. Huu ndio utalala ukingoni mwa paa la gari lililoinuliwa, na lenzi italala juu yake. Maharage pia yanafaa, ila yanateleza na lenzi huinama polepole bila wewe kutambua. Stendi ya miguu mitatu naiacha, kwani ndani ya Landcruiser kila anayejikuna anaitikisa. Betri 3 zimejaa, kadi 2 ni tupu, na lenzi ya milimita 100 hadi 500 imeshafungwa kwenye kamera. Sitaibadilisha mpaka jioni. Vumbi la Serengeti likiingia kwenye kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, kila picha ya anga itakuwa na madoa.

Saa 12:00 asubuhi magari yanaruhusiwa kutembea, nasi tunatoka. Mti wenyewe tulishauchagua siku kadhaa kabla, na uchaguzi huo ndio nusu ya kazi. Hapa Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, gari haliruhusiwi kutoka barabarani, kwa hiyo mti mzuri ni ule ambao barabara inapita upande wake wa mashariki, umbali wa mita 30 hadi 60. Huu ni mgunga uliokufa zamani. Tembo walibandua maganda, jua na mvua vikamalizia, na sasa umebaki matawi ya kijivu yasiyo na jani. Tumbusi wanaupenda kwa sababu hiyohiyo: mabawa yao yana upana wa zaidi ya mita 2, na katika mti wenye majani hawana pa kuyafungulia. Ukitaka kujua kama wanalala hapo kila usiku au walipita tu, tazama shina. Kinyesi chao ni cheupe, na mti wa kulala unaonekana kama umemwagiwa chokaa.

Saa 12:25. Gari limesimama mita 40 kutoka mtini, mashariki yake, injini imezimwa. Dereva akiiacha ikinguruma, mtetemo unafika kwenye lenzi na hakuna picha itakayokuwa kali, hata uongeze kasi ya shata (pazia la kamera) namna gani. Kwa nini mita 40? Mti una mita 9 hivi. Ukisogea hadi mita 15 utapiga matumbo na kucha. Ukiwa mita 40, na kamera iko juu ya paa, unawatazama karibu uso kwa uso. Kwa milimita 500 kwenye kihisi kikubwa, fremu inabeba upana wa karibu mita 2.9 na kimo cha mita 1.9. Tumbusi aliyetulia anachukua nusu ya kimo hicho, na tawi linabaki linaonekana. Picha ya tumbusi bila tawi lake imekosa nusu ya habari.

Jua linachomoza muda mfupi baadaye. Naanza na ISO 1600 (wepesi wa kihisi kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata sekunde 1/500. Kosa linaloharibu picha nyingi ni mwanga: anga nyeupe nyuma ya ndege mweusi huidanganya kamera, ikatia giza, na ndege akatoka kama kipande cha mkaa. Naongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 1⅔, kisha naangalia histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha. Anga ikiungua kidogo hainisumbui. Manyoya ya shingo yakipotea, hapo picha imekufa. Fokasi naiweka kwenye nukta moja, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itashika kijiti kilicho mbele.

Saa 1:15 wanaanza kutandaza mabawa wakilipa jua mgongo. Huu ndio muda wa kuwatambua. Mwenye mdomo mweusi na shingo nyeusi ni tumbusi mgongo-mweupe, nao ndio wengi. Mwenye mdomo wa manjano hafifu na manyoya yenye kingo za rangi ya maziwa, kama magamba ya samaki, ni tumbusi wa Rüppell. Huyu huzaa majabalini na si mitini. Pale juu kabisa, mara nyingi peke yake au na mwenzake mmoja, hukaa yule mkubwa mwenye kichwa cha waridi kilichokunjamana. Hao wawili wa kwanza wamo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwenye orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN, tangu 2015. Kwa hiyo aina iandikwe kwa usahihi kwenye maelezo ya picha. Neno "tumbusi" peke yake halimsaidii mtafiti.

Ndege wawili wakikaa matawi tofauti, f/8 kwa umbali huu inatoa ukali wa kina cha mita 3 hivi. Wakiachana zaidi, nenda f/11 na upandishe ISO.

Saa 2:45. Ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda, nao wanajiandaa. Dalili ni hizi: anageuka kuukabili upepo, anainama mbele, mara nyingi anatoa kinyesi, kisha anaruka. Upepo wa hapa asubuhi kwa kawaida unatoka mashariki, na jua pia liko mashariki. Kwa hiyo wanaruka wakija upande wetu, nyuso zimeangazwa. Hii ndiyo sababu ya kuhangaikia upande wa barabara. Narudisha lenzi hadi milimita 300, kwani kwa 500 ncha za mabawa hukatwa, kisha shata sekunde 1/2500, fokasi ya kufuatilia. Mwenye gole (mfuko wa chakula kooni) lililojaa nyama hufuata mwisho, kwa sababu uzito unamchelewesha. Msubiri.

Saa 4:00 mvuke wa joto unacheza juu ya nyasi. Chochote kilicho mbali kinatoka laini kama kimepigwa nyuma ya maji, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Tunarudi, tunakula, naipuliza kamera vumbi, nanakili faili za RAW (picha ghafi) kwenye diski 2.

Saa 11:00 jioni tuko tena palepale, na hapa wengi hukosea. Wanahamia magharibi ili jua liwe mgongoni mwao. Lakini ndege hutua akiukabili upepo, na upepo ukiwa bado wa mashariki, utapiga mikia tu. Nabaki mashariki, napunguza mwanga hatua 1, na kupiga vivuli vyeusi juu ya anga nyekundu. Wakibanana, umbo halisomeki. Nasubiri nafasi kati ya ndege na ndege.

Kabla ya kuondoka natazama chini ya mti kwa darubini. Tumbusi aliyelegea, kichwa kimeinama, asiyeweza kuruka, huenda amekula mzoga uliotiwa sumu. Hapo natia alama kwenye ramani, napiga picha ya mahali, na askari wa hifadhi wanaarifiwa usiku huohuo. Hatushuki, hatugusi. Akiwa na namba bawani au kifaa cha setilaiti mgongoni, picha ya namba hiyo inatangulia nyingine zote.

Saa 12:30 injini inawashwa, turudi kambini kabla ya saa 1.