Nguzo Tatu za Malindi

Basi la usiku lilinishusha Malindi alfajiri, nikanywa chai ya rangi kwa mahamri pale stendi, kisha nikakodi tuktuk hadi rasini, kwenye nguzo ya Vasco da Gama.

Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, nyeupe, mawimbi yanaipiga miguuni. Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498. Msalaba ulio juu umechongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Inasimuliwa kwamba mwanzo nguzo ilikuwa mjini, karibu na nyumba ya mfalme, wenyeji wasiipende, ndipo ikahamishiwa huku. Kusema kweli, haikunigusa sana. Ni alama ya mabaharia kuliko mahali pa ibada.

Kikanisa cha Wareno, mwendo mfupi kutoka hapo, ndicho kilichonigusa. Ni kidogo mno, kimeezekwa makuti, na makaburi yamezungushiwa ukuta. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipitia Malindi akielekea India, akamzika hapa mtu wa melini kwao. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimuuliza kama Wakristo huyajaza makanisa yao, kwa maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Nilikaa ukutani nikiwawazia watu hao wawili, kila mmoja na dini yake, wakizungumzia jambo moja linalowauma.

Adhuhuri nilisali katika Msikiti wa Jumaa. Nilichelewa kidogo, nikapata nafasi safu ya nne, na moyoni nikatamani yule Mwislamu wa kwenye barua angeiona safu hiyo. Nje, kando ya msikiti, yapo makaburi ya nguzo, majengo ya mawe na chokaa yanayopanda juu kupita kimo cha mtu mara kadhaa. Nguzo za namna hii juu ya makaburi ni zetu, watu wa pwani hii. Matatu ya Gede ilinifikisha kwenye magofu kabla ya alasiri. Nako kuna kaburi lililoandikwa mwaka, 802 Hijria, yaani 1399. Mji ulihamwa, mizizi ikapasua kuta, lakini kibla bado kinaonekana.

Safari ya mwisho ilikuwa ya bodaboda, kuelekea bara, kwa familia ya Kigiriama niliyoelekezwa na rafiki. Nilipiga hodi. Mzee wa boma akanikaribisha, tukaulizana hali kwa kirefu kama inavyopasa, ndipo akanipeleka nyuma ya nyumba.

Vigango vitatu, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Nilivua viatu bila kuambiwa. Kilichokuwa karibu nami kilikuwa na kichwa cha mviringo kisicho na uso, shingoni kimefungwa vitambaa, chekundu na cheupe, vilivyopauka kwa jua. Kiwiliwili ni ubao mmoja wa mti mgumu, umenakshiwa pembetatu ndogondogo kuanzia kifuani hadi chini. Mchwa walikuwa wameanza kuula ubavu. Vigango husimikiwa wazee wa Gohu, chama cha wenye cheo miongoni mwa Wagiriama, ili koma, yaani roho za marehemu, wapate makao.

"Baba, mbona hamkitengenezi?" nikauliza.

"Hiki hakiguswi, mwanangu. Kikishasimikwa, hakihamishwi. Hata sisi tukihama, chenyewe kinabaki, kioze hapa hapa."

Kando ya kile cha tatu palikuwa na shimo. Kigango cha nne kiling'olewa usiku, akaniambia, na hawajui kilikokwenda. Vigango vingi vya Mijikenda, jamii za pwani wakiwemo Wagiriama, vimeibwa hivyo hivyo, vikauzwa kwa watalii na kuishia ng'ambo, ukutani kwa watu wanaoviona mapambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani. Vingine vimerudishwa baadaye, lakini vingi bado viko huko, na kwangu mimi hilo ni sawa na kufukua kaburi. Nguzo ya pale msikitini ingeng'olewa usiku mmoja, Malindi nzima isingelala.

Jua lilikuwa limeshuka. Mzee alileta mnazi katika kata, akachuchumaa, akaanza kusema na wazee wake kwa Kigiriama, taratibu, kama anayeongea na mtu aliyeketi mbele yake. Akamimina kidogo kwa cha kwanza, kwa cha pili, kwa cha tatu. Kisha akasogea, akamimina na shimoni.