Tamthilia za Anga Zilizoishia Kwenye Karatasi

Mtu akisikia kwamba skripti fulani iliagizwa, ikaandikwa, kisha haikurekodiwa, huwa anadhani moja kwa moja kwamba ilikuwa mbovu. Kwa upande wa tamthilia za kisayansi, zile za vyombo vya anga na safari za kurudi nyuma au kwenda mbele katika wakati, nimekuja kuamini vingine: nyingi ziliuawa na mambo ambayo hayakuwamo kabisa kwenye karatasi. Ndiyo maana naona zinatufaa hata sisi tunaoandika huku Dodoma, ambako mwandishi akishamaliza kazi yake huanza kutafuta nauli ya kwenda Dar es Salaam kumfuata mtayarishaji.

Tuanze na Shada, ambayo Douglas Adams aliiandikia Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu msafiri wa wakati, mwaka 1979, ikiwa hadithi ya sehemu sita. Picha za nje zilikuwa zimekwisha kupigwa mjini Cambridge, na sehemu ya kazi za studio ilikuwa imekamilika, ndipo mgomo wa wafanyakazi ulipozuia studio na hadithi ikaachwa njiani. Adams hakukaa kuililia. Profesa Chronotis, yule mzee ambaye vyumba vyake vya chuoni ndicho chombo chake cha kusafiria katika wakati, aliibuka tena katika riwaya ya Dirk Gently mwaka 1987. Hata vipande vya picha vilipata kazi, kwani mwaka 1983 Tom Baker, aliyekuwa ameigiza mhusika mkuu, alipokataa kurudi kwa ajili ya hadithi maalumu ya kuadhimisha miaka 20 ya tamthilia, watayarishaji walichomeka humo picha zake za Shada. Mwaka 1992 ilitoka kanda ya video ambamo Baker anasimulia yaliyokosekana, na mwaka 2017 mapengo yakajazwa kwa katuni zenye sauti za waigizaji wenyewe. Nakiri kwamba toleo hilo la 2017 halikuninogea sana. Utani wa Adams umo katika maneno, na anayeusoma hucheka kabla ya yule anayesubiri katuni imalize kutembea.

Kama Shada iliuawa na mgomo, basi kuna nyingine iliyofufuliwa na mgomo. Mwaka 1977 kampuni ya Paramount ilikusudia kuanzisha mtandao wake wa televisheni, na toleo jipya la Star Trek, tamthilia ya Marekani ya chombo cha anga, lililojulikana kwa jina la Phase II, ndiyo ingekuwa nguzo yake. Skripti zikaagizwa. Mpango wa mtandao ukavunjika, hadithi ya ufunguzi ikageuzwa kuwa filamu iliyotoka Desemba 1979, na zilizobaki zikawekwa kabatini. Mojawapo ilikuwa The Child ya Jaron Summers na Jon Povill, kuhusu mwanamke anayepata mimba kutokana na kiumbe asiyejulikana na kuzaa mtoto anayekua kwa siku chache tu. Mwaka 1988 waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Machi hadi Agosti, na watayarishaji wa Star Trek: The Next Generation, walioishiwa skripti, wakalifungua kabati. Jukumu lililoandikwa kwa ajili ya Ilia, mhusika wa Phase II, likapewa Deanna Troi, mhusika wa tamthilia mpya, na Novemba mwaka huohuo The Child ikafungua msimu wa pili. Nyingine, Devil's Due, ilisubiri hadi mwaka 1991.

Kisa cha Blood and Fire ya David Gerrold ni kizito zaidi. Aliiandika kwa ajili ya The Next Generation hiyohiyo mwaka 1987, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukitisha kila mahali. Hapa kwetu wagonjwa wa kwanza walikuwa wamegundulika Kagera mwaka 1983. Aliwaza chombo cha anga kilichoingiwa na maradhi ya damu, akitaka watazamaji wafikirie hofu ya ugonjwa na umuhimu wa kuchangia damu, na humo aliweka wanaume wawili walio wapenzi. Skripti haikurekodiwa, na Gerrold akaondoka. Baadaye aliigeuza kuwa riwaya, na mashabiki wakairekodi kwa nguvu zao wenyewe, yeye akiwa mwongozaji. Kilichoizuia kilikuwa woga wa wenye maamuzi, na woga huo hata mwandishi hodari hawezi kuuondoa kwa kusahihisha sentensi.

Sisi wachache tunaokutana mjini hapa kusomeana kazi huzisoma skripti za namna hii kwa sauti, kwa sababu zimekosa muziki na taa za kuzifichia udhaifu. Binti mmoja alituletea hadithi ya Bahi ya miaka ijayo, ambako mvua inauzwa kutoka kwenye mtambo. Ukurasa wote wa kwanza ulieleza mtambo: rangi za taa, unene wa mabomba, mlio wake, wakati huo mama aliyepanga foleni na ndoo yake hakuwa na hata neno moja. Binti huyo aliporudi, mtambo ulikuwa umebaki na mstari mmoja, na kijana wa kwenye dirisha la malipo alikuwa akisema, “Mama, shikamoo. Leo mvua imepanda bei.” Mtayarishaji aliyeisoma baadaye aliuliza gharama tu. Hadi sasa haijarekodiwa, nami bado naihesabu kuwa kazi bora kuliko nyingi zinazorushwa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Norman Spinrad, mwandishi wa The Doomsday Machine iliyorushwa mwaka 1967 katika Star Trek ya kwanza. Aliandika nyingine, He Walked Among Us, kuhusu mgeni mwenye nia njema aliyejifanya mungu katika sayari ya watu wengine, na ugumu wa kumwondoa bila kuivunja jamii aliyoikalia. Nafasi ya mgeni huyo ilikusudiwa Milton Berle, mchekeshaji aliyeweza pia kuigiza mambo mazito. Gene Coon, mtayarishaji wa tamthilia hiyo, akaiandika upya na kuifanya kichekesho. Spinrad alipoisoma alikwenda kwa Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, na kumwomba aiue, naye Roddenberry akakubali. Mwandishi huyo hakubaki na nakala, mpaka miaka mingi baadaye shabiki mmoja alipomletea nakala iliyochakaa ili aitie saini. Mwaka 2012 akaichapisha kama kitabu cha kielektroniki, na sasa kila msomaji anaweza kujiamulia kama Berle angeiweza nafasi ile. Mimi nadhani angeiweza.