Kisutu cha Bibi na mzee dobi

Bibi alivishwa kisutu kile, kanga ya bi harusi, siku aliyosingwa, yaani aliposuguliwa mwili kwa liwa na bizari ya manjano kabla ya harusi, miaka ya hamsini, kabla ya Mapinduzi, na muda mrefu kabla kiwanda cha Urafiki hakijafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kanga wakati huo zilikuja Unguja kwa meli, kutoka India, Japani na kwingineko. Kilikuwa kisutu cha kale hasa: chekundu, cheusi na cheupe, hakina jina, yaani maneno yale ya kanga, na pamba yake imeshalainika mpaka ukikishika unaogopa kukaza vidole. Dada, binti ya ami yangu mkubwa, alipoposwa, Bibi alisema hatavishwa kisutu cha dukani ilhali cha kwake kipo. Akatoa ufunguo wa sanduku la bati.

Tulipokikunjua chumbani tuliona kazi iliyotungoja. Karibu na pindo palikuwa na doa la manjano, pana, lililomwagika siku ile ile ya kusingwa. Upande mmoja, kisutu kilipokuwa kikigusa kona ya sanduku, palikuwa na madoa ya kutu. Kila mkunjo ulikuwa na mstari wa hudhurungi. Na kwenye weupe palitapakaa vidoa vidogo, kwa sababu Bibi alikuwa akiweka asmini katikati ya nguo zake, maua yakakaukia humo humo na kuacha rangi yao.

Mke wa ami akasema mara moja: jiki. Kikombe kimoja kwenye beseni, usiku kucha, asubuhi kimetakata. Bibi akamjibu kwa upole kwamba jiki haitaingia kwenye kisutu chake. Wakaanza kubishana, kwa heshima lakini kwa dhati, na kumbe dada hakuwa na subira ya kungoja mabishano yaishe. Alikwenda uani na ncha ya pindo, akailowesha, akapitisha sabuni ya mche juu ya lile doa la manjano.

Tukasikia ukelele. Doa lilikuwa limegeuka jekundu, wekundu wa kukolea, mbele ya macho yake. Akadhani rangi ya kisutu imetoka na kumwagikia weupe, na kwamba ameharibu nguo ya Bibi wiki chache kabla ya harusi. Analia, mikono ina povu, hata hawezi kukiachia.

Bibi hakumgombeza. Akaniambia, “Kamwite mzee dobi. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma.”

Mzee yule alifua kanzu na hariri za watu wa Mji Mkongwe tangu ujana wake, akazipiga pasi kwa pasi ya mkaa, mpaka miguu ilipomkatalia kusimama. Nilimkuta kwake, nikamwamkia, nikamweleza. Hakuniuliza malipo. Aliniuliza jambo moja tu: “Mmeshatia nini?” Nikamwambia sabuni. Akachukua bakora yake.

Hakuingia ndani. Alikaa barazani, Bibi akamletea kahawa, na kisutu kikatandazwa juu ya shuka safi mbele yake. Kwanza alikitazama kivulini, kisha akaomba tukinyanyue watu wanne ili mwanga upite nyuma yake, aone wapi nyuzi zimechoka. Alikinusa. Akauliza kilikaa wapi, kilifuliwa lini mara ya mwisho, na kama kiliwahi kutiwa kanji. Mimi nilisimama nikiona anachelewa, kumbe kazi alikuwa ameshaianza.

Halafu akamgeukia dada. “Mwanangu, usilie. Hii si rangi ya kisutu. Ni manjano haya, ile bizari ya kusingia, na manjano yakikutana na sabuni hugeuka. Nileteeni ndimu.”

Akakamua ndimu kwenye kisahani, akachovya ujiti uliozungushiwa pamba, akaugusisha. Wekundu ukarudi kuwa manjano pale pale. Dada alinyamaza ghafla, na mke wa ami akasogea karibu kutazama. Nilipokuja kusoma kemia sekondari ndipo nilipoelewa: rangi iliyo ndani ya manjano, kurkumini, hubaki ya njano kwenye asidi na huwa nyekundu kwenye alikali, na sabuni ya mche ni alikali. Mzee hakuwa na haja ya maneno hayo. Alikuwa ameona mabwana harusi wangapi wakimletea kanzu zenye madoa ya manjano!

“Manjano hayaondolewi na sabuni,” alisema. “Yanaliwa na jua.” Lakini jua lile lile hula na wekundu wa kisutu, na hapo ndipo nilipoona ustadi wake. Bibi alitoa kipande cha buibui kuukuu, mzee akatuelekeza tukikate tundu la umbo la doa. Tukatandaza kisutu juu ya shuka, tukakifunika chote kwa nguo nyeusi, doa peke yake likabaki wazi. Tulikuwa kwenye kipupwe, jua lipo na mvua ya masika imekwisha. Kila siku pindo lilianikwa saa chache, likiwa na unyevu kidogo, na kila jioni manjano yalikuwa yamefifia zaidi ya jana.

Kabla ya maji, alipima rangi. Pamba iliyoloweshwa maji ikakandamizwa kwenye wekundu, kwenye weusi, kisha kwenye wekundu wa upande wa pili, kila mahali ikaachwa muda. Kwa maji matupu pamba ilitoka na vumbi tu. Alipotia tone la maji ya sabuni, pamba ikatoka na rangi ya waridi. Basi sabuni ikakatazwa moja kwa moja. Na maji yenyewe hayakuwa ya bomba wala ya kisima. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yake ya ardhini yana chokaa, na maji ya kisima yaliyopita kwenye mabomba ya chuma yanaweza kuongeza kutu badala ya kuitoa. Alitaka maji ya mvua, na Bibi alikuwa nayo kwenye pipa la plastiki tangu masika.

Tukakilaza kisutu juu ya kipande cha chandarua, tukakishikiza kwa uzi wa kulegea pembeni, tukakishusha kwenye beseni pana la plastiki. Hakuna kusugua, hakuna kukamua. Tulikandamiza kwa viganja tu, polepole. Maji yakaanza kubadilika, mpaka yakawa kama chai ya rangi. Ile hudhurungi ya mikunjo haikuwa uchafu wa mtu. Ni pamba yenyewe, ikizeeka hutoa rangi hiyo, na maji safi huichukua. Tulimwaga kwa kuinamisha beseni, chandarua ndicho kilichobeba uzito wa nguo, tukatia maji mapya, tukarudia mpaka yakawa meupe. Mistari ikafifia sana. Vidoa vya asmini vilipungua, havikwisha, na mzee akatukataza kuvifuata zaidi.

Kutu ndiyo iliyomsumbua. Mke wa ami, safari hii kwa sauti ya chini, akauliza tena habari ya jiki, naye akamjibu kwa makini, kwa kuwa swali lilikuwa la kweli. Kutu ni chuma. Jiki haitoi chuma. Inazidisha kutu, na nguo kuukuu kama hii itailia nyuzi zake pia. Kinachokitoa ni ukali wa ndimu, kwa sababu asidi yake hukikamata chuma na kukiyeyusha ndani ya maji. Akakunja taulo nyeupe, akaiweka chini ya doa, akatonesha maji ya ndimu kwa ujiti kwenye weupe tu, bila kugusa wekundu. Akangoja. Akatonesha tena, akaisogeza taulo ili doa likae juu ya sehemu safi. Kila baada ya muda tulisuuza pale kwa maji ya mvua, na alisisitiza hilo kuliko yote: ndimu ikiachwa ikakauka kwenye pamba, itaimaliza pamba taratibu, na mwakani utalikuta tundu ukidhani ni nondo.

Madoa madogo yakatoka. Lile kubwa lilipofifia, katikati yake pakaonekana nyuzi zimekatika. Chuma kilikuwa kimeshazila ndani ya sanduku, na kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imezishikilia. Dada akamtazama Bibi. Bibi akaenda kutafuta kipande cha bafta ya zamani, kile kitambaa chepesi cheupe cha pamba, akakiweka kwa nyuma, akakishona kwa uzi mwembamba uliochambuliwa kutoka bafta hiyo hiyo. Alishona mwenyewe, akiwa na miwani yake, na hakutaka msaada.

Hatukukianika kwenye kamba. Kililazwa juu ya shuka kavu, juu ya mkeka, kivulini upepo unapopita, tukakinyoosha kwa mikono kufuata nyuzi zake. Pasi haikugusa kitu. Doa lililobaki likipigwa pasi, alisema, joto hulipika humo.

Siku ya kusingwa dada alivishwa kisutu kile na somo yake, yule kungwi wake, Bibi akiwa amekaa pembeni akiangalia liwa na manjano vinavyopakwa. Safari hii walimzungushia kwanza kanga nyingine kuukuu, kisutu kikaja mwisho, ngozi ilipokwisha kufutwa.

Mzee alikataa pesa, akapokea sahani ya pilau na udi wa kufukizia. Lakini alirudi baada ya harusi kuhakikisha namna ya kukihifadhi. Sanduku la bati likaondolewa. Kisutu kikazungushiwa bafta iliyofuliwa bila kanji wala buluu, kwa kuwa kanji huita mende, na ndani ya kila mkunjo tukaweka bafta nyingine iliyoviringwa ili pamba isivunjike pale pale kila mwaka. Asmini mwiko. Na kila kabla ya Ramadhani kifunguliwe, kipunge hewa, kikunjwe kwa mistari mipya.

Dada anaishi Muscat sasa na kisutu amekwenda nacho. Binti yake alipoposwa alinipigia simu akaniomba nije nikifue, na kwenye begi nikabeba chandarua. Maji ya mvua Muscat si jambo la kulitegemea, kwa hiyo tulinunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi za mvuke. Nilipima wekundu kwa pamba iliyoloweshwa kabla ya yote. Haukutoka.