Mutesheni ileile inaua huku, inaokoa kule

Kuna kitu kinaniuma kila nikiona watu wanajadili magonjwa ya kurithi mtandaoni, utakuta mmoja kaandika kwa uhakika kabisa kwamba mutesheni, yaani badiliko kwenye herufi za DNA, ni jeni zilizoharibika basi, ni ugonjwa tu, alafu anakuja mwingine anasema hapana, mutesheni ndo zinawafanya viumbe wawe bora kila kizazi, kama vile kuna ngazi tunapanda. Mimi naona wote wamekosea palepale. Huwezi kuipa mutesheni alama ya ubaya wala uzuri kabla hujauliza huyo kiumbe anaishi wapi na amebeba nakala ngapi za hiyo jeni.

Msingi wenyewe nipite haraka. DNA, yaani maelekezo ya kurithi yaliyoko ndani ya kila seli, kwa binadamu ina herufi kama bilioni 3 kwa seti moja na kila mtu ana seti mbili, ya mama na ya baba, na herufi zenyewe ni aina nne tu, A, T, C na G. Seli ikitaka kugawanyika lazima inakili zote, na inanakili vizuri mno, kuna mpaka protini ambazo kazi yake ni kukagua na kusahihisha, ila katika mabilioni ya herufi chache lazima zipite zikiwa zimebadilika, na hizo ndo mutesheni. Hapo ongeza mionzi ya jua, moshi wa sigara, na eksirei pia, mwanasayansi Hermann Muller alionyesha mwaka 1927 kwa nzi wa matunda kwamba eksirei inaongeza mutesheni, na mwaka 1946 akapewa Nobeli kwa kazi hiyo. Zinazotokea kwenye ngozi au mapafu zinaweza kukuletea kansa lakini mtoto wako hazimfikii. Zinazorithiwa ni zile za kwenye yai au mbegu.

Na kila mtoto anazaliwa na mutesheni mpya kama 60 au 70 hivi ambazo wazazi wake hawana, wewe unazo, mimi ninazo, na nyingi hazifanyi chochote cha kuonekana. Sehemu kubwa ya hizo mpya zinatoka kwa baba, manake mbegu za kiume zinaendelea kutengenezwa mpaka uzeeni na kadiri baba anavyoongezeka umri ndivyo zinavyoongezeka. Hili nalisema kwa makusudi kabisa, kwa sababu mtoto akizaliwa na hali isiyoeleweka wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama, anaulizwa alikula nini, alimkosea nani, ukoo wao una nini. Inaumiza na haina msingi wowote. Hata ualbino, mtoto anaupata pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba jeni moja iliyobadilika, na wao wenyewe ngozi zao ni za kawaida kabisa, kwahiyo kumfukuza mwanamke nyumbani kwa ajili hiyo ni ujinga na ni ukatili.

Sasa tuje kwenye sikoseli, au selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu hapa ndo kila kitu kinakutana. Kwenye kromosomu ya 11, moja ya vifurushi vya DNA ndani ya seli, kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kwa mwenye selimundu herufi moja tu ya jeni hiyo, A, imekuwa T. Kwa hiyo moja, asidi amino (vipande vinavyounda protini) ya sita kwenye mnyororo wa asidi amino 146 inakuwa nyingine, mwanasayansi Vernon Ingram ndo aliyeligundua hilo miaka ya 1950. Na hiyo iliyoingia haipendi maji, kwahiyo himoglobini ikishaachia oksijeni zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, zinaunda nyuzi ndefu ndani ya seli, seli inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo, na hapo ndo yanakuja yale maumivu ya mifupa na kifua ambayo aliyewahi kumuuguza mgonjwa anayajua. Seli nyekundu ya kawaida inaishi kama siku 120, hii iliyopinda inaishi siku 10 mpaka 20 tu, mwili hauwezi kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo, damu inapungua. Yote hayo ni herufi moja kati ya bilioni 3!

Ungetegemea kitu kibaya hivyo kingekuwa kimeshapotea zamani. Lakini mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake kutoka Afrika Mashariki akionyesha kwamba sehemu zenye malaria nyingi ndo hizohizo zenye watu wengi waliobeba jeni ya selimundu. Mtu mwenye nakala moja tu damu yake inafanya kazi karibu kama kawaida, na malaria ile kali inayoua watoto inampata kwa shida. Mwenye nakala mbili ndo anaumwa. Wazazi wote wakiwa na moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata mbili, na ni kila mimba, sio kwamba wa kwanza akiugua wanaofuata watatu wako salama, hapo watu wengi sana wanachanganya. Kwahiyo hiyo jeni imebaki karne na karne kwa sababu imeokoa watoto wengi, huku ikiwaua wengine ndani ya familia zilezile. Umhamishie mtu huyohuyo mwenye nakala moja kwenye nchi isiyo na mbu wa malaria, ile faida yote haina kazi tena, na jeni haijabadilika hata kidogo.

Wanyama nao hivyohivyo. Kwenye hifadhi ya Gorongosa kule Msumbiji, wakati wa vita ya 1977 mpaka 1992 tembo waliuawa karibu 9 kati ya kila 10, wengi kwa ajili ya pembe. Kabla ya hapo majike wasio na pembe walikuwa chini ya moja kwa tano, baada ya vita wakawa kama nusu. Bunduki haikuileta hiyo mutesheni, ilikuwepo tangu mwanzo, ila wenye pembe walikufa na wasio nazo ndo wakabaki kuzaa. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba chanzo kiko kwenye kromosomu ya X na kwamba mtoto dume akiirithi anaonekana hazaliwi hai, ndo maana huwaoni madume wasio na pembe pale. Tembo jike anaokolewa na jeni inayomnyima baadhi ya watoto wake wa kiume, na yote yanatokana na mwindaji anapenda nini. Naona hii ni zaidi ya kusikitisha, tumeingiza mkono mpaka ndani ya kromosomu za tembo.

Vimelea vya malaria navyo vinabadilika chini ya dawa zetu, na ukikatisha dozi unaviachia nafasi ya kuwa sugu, hilo nadhani wengi mnalijua.

Narudi kwenye selimundu kidogo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy, na watu wengi wanadhani inairekebisha ile herufi, inarudisha T kuwa A. Hapana. Kuna watu wachache ambao kwa mutesheni nyingine kabisa ya kuzaliwa nayo wanaendelea kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile ya mtoto akiwa tumboni, mpaka ukubwani, na wakiwa na selimundu hawaumwi sana. Madaktari wakajifunza kutoka kwao. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, zile zinazozalisha seli nyingine za damu, wanakata sehemu ya DNA inayozima himoglobini ya kichanga, wanazirudisha mwilini baada ya kemotherapi kali, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Yaani ile mutesheni ya zamani wameiacha palepale ilipo, wakaongeza mutesheni mpya juu yake.