Pampu kubwa kumbe sio dili

Jamani nimejifunza kwa hela yangu. Kisima changu hapa Sahare, Tanga, kina mita 18, nikaenda dukani nikasema nipeni yenye nguvu, wakanipa ya kuzamisha hospawa 2 nikajiona nimemaliza. Wee! dakika 10 maji yamekwisha, inavuta hewa, nasubiri yajae naiwasha tena hivyo hivyo mpaka ikaungua. Na sie wa karibu na bahari ukivuta kwa pupa yanaanza kuja ya chumvi, chai ikawa mchuzi.

Fundi mmoja mzee akaja, pampu hata hakuiangalia, akauliza kisima kinajaa lita ngapi kwa saa. Tukapima na ndoo, kumbe kama 900 tu! Halafu akajumlisha toka maji yalipo mpaka tanki juu, mita 20. Akasema nusu hospawa inatosha, ila iwe ya kuzamisha, maana zile za kukaa juu hazivuti zaidi ya mita 7 au 8 hata ziwe na nguvu vipi. Koki tukaibana kidogo isizidi kasi ya kisima.

Sasa tanki linajaa taratibu, luku imetulia. Ile iliyoungua ipo stoo, anayetaka chuma chakavu aje inboksi 😂