Ukurasa wa mwisho wa fomu

Binti mmoja wa kanisani ameniandikia akiomba orodha. Amekubaliwa, yuko karibu kuondoka kwenda kumtumikia Bwana ng'ambo, na anataka kujua abebe nini: dawa zipi, viatu vya namna gani, na je, Biblia ya kwenye simu itatosha? Nikamjibu kuhusu dawa na viatu. Biblia nikamwambia abebe ya karatasi, maana umeme hukatika na simu huibiwa. Hata Paulo akiwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Baada ya kutuma ujumbe huo sikuweza kuendelea na kazi. Nilikuwa nimeikumbuka fomu.

Mimi pia niliwahi kutumwa kama yeye, na fomu hiyo niliijaza kabla ya kuondoka. Ninyi mnaonisoma siku zote mnajua nilitumwa wapi na nani, kwa hiyo hayo nayaruka. Na maandalizi yenyewe yalikuwa yale yale ya kila anayetumwa. Pasipoti ilibidi niihuishe, kwa sababu nchi nyingi hazikupokei ikiwa imebakiza chini ya miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano niliwahi kuchoma mapema, kwa kuwa cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. (Tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha, zamani kilikuwa kinaisha baada ya miaka 10.) Kulikuwa na daktari wa meno, viza, barua za maombi, masomo ya lugha. Kulikuwa na kuzunguka makanisani kueleza wito wangu mbele ya watu wenye karo za watoto wa kulipa, na wakaahidi kunichangia kila mwezi. Jambo hilo lilininyenyekeza kuliko semina yoyote niliyokalishwa.

Fomu yenyewe ilitoka kwa shirika lililonituma. Kurasa za mbele zilikuwa za kawaida: kundi la damu, magonjwa, mzio, mtu wa kuarifiwa. Ukurasa wa mwisho ulihusu wosia, na chini yake kulikuwa na swali: mtumishi akifariki akiwa kazini, azikwe huko huko au mwili urudishwe? Visanduku viwili, weka alama kwenye kimoja. Kisha mstari wa sahihi ya mtumishi na mwingine wa sahihi ya ndugu wa karibu, kuthibitisha kwamba jambo limezungumzwa nyumbani.

Maneno yale, limezungumzwa nyumbani, ndiyo yaliyonipeleka kwa Mama.

Nilimkuta amekaa mezani, miwani puani, akihesabu sadaka ya akina mama. Nikamwamkia, nikasubiri amalize, nikamwekea fomu mbele yake. Mama hasomi kitu kwa kurukaruka. Alianza ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kwenye mzio akaniuliza kama nimekumbuka ile dawa iliyonivimbisha uso nilipokuwa mdogo. Nikamwonyesha kuwa nimeiandika. Akafunua. Alipofika ukurasa wa mwisho kidole kikasimama kwenye kisanduku cha kwanza, kikahamia cha pili, kikarudi cha kwanza.

"Wewe umechagua kipi?"

Nikamwambia bado, ila moyo wangu unaniambia kule kule. Nilieleza sababu zangu. Gharama ya kusafirisha mwili ni kubwa na fedha ni sadaka za watu. Tena, niliona kwamba anayekwenda kukaa na watu anakaa nao hata katika hilo. Na kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kimejaa masomo ya chuoni, nikamsimulia habari za Krapf, mmisionari Mjerumani wa zamani.

Johann Ludwig Krapf alihamia Mombasa mwezi Mei mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine, aliyekuwa mjamzito. Mwezi uliofuata alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa ikawakamata wote. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafariki siku chache baadaye, na mtoto naye hakukawia kumfuata mama yake. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf akawaandikia waliomtuma kwamba sasa liko kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo ni ishara kwamba mapambano yameanza. Hakurudi kwao wakati huo. Miaka miwili baadaye mwenzake Rebmann alimkuta yupo, na kazi ikaendelea.

Chuoni, mwalimu alipotusimulia hayo darasa zima lilinyamaza, na wapo waliolia. Mimi nilitoka pale nikiwa tayari kwenda popote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

"Na mama yake Rosine," akasema, "alipata habari lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari za Krapf, nikajua safari zake na kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wala haikuwahi kunijia kwamba mahali fulani Ulaya huenda alikuwepo mwanamke aliyekuwa bado anamwombea bintiye mjamzito ajifungue salama, wakati bintiye na mjukuu wameshazikwa. Barua zilikwenda kwa meli. Huenda alifuma na kofia ya mtoto. Huenda hata hakuwa hai; sijui, na siku ile sikujua pia. Lakini Mama alikuwa ameshamwona.

Tukakaa kimya. Sadaka ya akina mama ilikuwa bado mezani, noti zimepangwa, sarafu pembeni. Nikataka kumtia moyo kwa Maandiko, nikafungua Matendo 20, pale wazee wa Efeso wanapomwangukia Paulo shingoni wakilia, wakihuzunika zaidi kwa sababu amewaambia hawatamwona uso tena. Nikaanza kusoma kwa sauti, nikashindwa kumaliza. Mama ndiye aliyemalizia, kwa kichwa, bila kutazama kitabu.

Halafu akaomba kalamu. Akarudi ukurasa wa kwanza, kwenye mtu wa kuarifiwa. Nilikuwa nimeandika jina la mchungaji, kama tulivyoelekezwa, kwamba kanisa ndilo lipokee habari kisha lizifikishe kwa familia. Juu ya mstari huo, kwa mwandiko wake wa kulalia, akaandika jina lake na namba yake ya simu.

"Wanipigie mimi kwanza. Kabla ya ofisi, kabla ya mchungaji. Hata kama ni usiku wa manane, mwanangu, wasiniambie eti walisubiri kukuche."

Kisha akaenda ukurasa wa mwisho, akaweka sahihi kwenye mstari wa ndugu wa karibu. Visanduku vyote viwili vilikuwa bado vitupu. Akanirudishia fomu na kuanza kuhesabu sarafu.

Ofisini walitaka kuniandikisha fomu nyingine iliyo safi, kwa sababu utaratibu wao ni kupitia kanisani. Niliwaomba sana waiache hiyo hiyo. Dada aliyeipokea akasoma mwandiko ule wa juu ya mstari, akanitazama, akaipiga muhuri.

Fomu hiyo ilikuwa inahuishwa kila mkataba ulipoisha. Kila mara Mama aliniuliza jambo moja tu, kama namba yake bado ni ya kwanza. Kuhusu visanduku hajaniuliza hata leo, nami sijawahi kumwambia ni kipi nilichoweka alama siku ile, nikiwa nimesimama mlangoni pa ofisi.